Mtende Uliotoka Kwenye Ndoo

Kitinda mimba wangu,

Umeamkaje huko kwenye baridi? Sisi tu wazima, goti tu ndilo linanisumbua, usijali. Mkonge wako wa mapambo nao mzima. Mvua za huku zilitaka kuuozesha mizizi, nikaufungia mwavuli. Shangazi yako akapita akasema, "Wifi, mmea una mwavuli, mimi nalowa!" Nikamjibu, "Ota miiba kwanza, wako nitanunua."

Picha uliyotuma nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Umenenepa kidogo, Mungu mkubwa. Ila nimeona mtende wako hauko tena kwenye ndoo. Umeupanda ardhini, ukauzungushia gunia usife kwa baridi. Nikamuuliza fundi bustani wa hapa mtaani mtende huzaa baada ya muda gani. Akasema, "Mama, hata miaka minane." Na wewe uliniaga kwa miaka miwili.

Sikugombezi. Nililia kidogo jikoni, nikanawa uso, yakaisha. Ungeniambia tu, mwanangu, mimi si mtu wa kufichwa. Halafu usiumwagilie kila siku, mizizi yake haipendi tope.

Jana nilikwenda kupigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha akanikataza kucheka, nikashindwa, akarudia mara nne. Ndege naiogopa sana, lakini nitafumba macho mpaka itue. Nitafutie blanketi zito.

Ni mimi mama yako, ninayekuja.