Vidonge vya Kaneza

Jumanne, 3 Septemba 2002
Nimempeleka mwanangu Kaneza kwenye santé, kituo chetu cha afya. Mapunye yamekula nusu ya kichwa chake, na darasani kwangu hakuna mtoto anayetaka kukaa benchi moja naye. Munganga Norbert aling'oa unywele mmoja, akauweka chini ya mikroskope, akageuza kioo kielekee jua. "Madame, kuya, angalia."

Nikaangalia. Ee Mungu! Unywele mmoja tu, na ndani yake umejaa vitu vya mviringo, vimesongamana kama mayai ya samaki. Miaka kumi na moja nawafundisha watoto kwamba Mungu aliumba vyote. Hivi sikuvijua.

Dawa ni grizeofulvini. Nusu kidonge kila siku, kulingana na uzito wake, wiki nane. Ale na mafuta, la sivyo dawa inapita tumboni bure. Ajifunike kitambaa juani. Na hata tukiona amepona, tusiache.

Jumatatu, 9 Septemba
Samaki wa ndagala hakuna. Wanajeshi wamezuia mitumbwi. Mboga ya lengalenga kwa mafuta ya mawese, nusu kidonge. Kaneza amekunja uso — amemeza.

Jumapili, 22 Septemba
Nywele! Laini, kama manyoya ya kifaranga. Nilimsimamisha mlangoni penye mwanga, nikapitisha kidole mara mbili, tatu. Zipo kweli.

Mama mukwe, Domitille, anasema mtoto amepona, vidonge vilivyobaki tuviweke akiba. Nimekataa.

Lakini na minye nimepata duara shingoni, linawasha. Tangu jana nameza kidonge kimoja cha Kaneza. Ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile — sivyo?

Alhamisi, 26 Septemba
Nilirudi kwa Norbert kuomba vidonge vya kuongeza. Hakunigombeza. Aliuliza nimemeza vingapi. Vitano. Kisha: "Damu ya mwezi uliona lini?"

Nikacheka. Tangu mume wangu Gratien apande boti ya Kalemie mwezi wa sita, hata barua moja sijapata. Njaa, woga. Nilidhani mwili umesahau tarehe.

Akaniitia mkunga, Charlotte, nyuma ya pazia. Mikono yake ilitulia juu ya tumbo. "Miezi mitatu imepita, dada. Mutoto iko."

Iko! Katika vita hii, na mimi sijui!

Ndipo Norbert akasema: dawa ile hapewi mama mwenye mimba. Nikauliza kama nimemharibu mtoto. "Sitakudanganya. Vitano si vingi. Lakini hakuna anayejua. Weye usiguse tena hata robo." Shingo yangu akaipa pomada. Akahesabu vitano kutoka kopo lake la mwisho, akasema hivi ni vya Kaneza peke yake.

Sikuweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Nilikaa ufukweni. Ziwa lote lile, na mimi nawaza kitu cha ukubwa wa ngumi.

Jumapili, 13 Oktoba
Risasi tangu asubuhi. Tumekimbia kwa miguu, barabara ya Fizi, mpaka Makobola. Vidonge nimevifunga kwenye sashe ya plastiki, ndani ya sidiria. Nilipomtazama mama mukwe — hakubeba blanketi, hakubeba sufuria. Kabeba chupa ya mawese! "Si ulisema bila mafuta dawa haifanyi kazi?"

Alhamisi, 17 Oktoba. Makobola
Tumelala shuleni, familia sita darasa moja. Charlotte yuko hapa pia. Norbert, wanasema, alipanda mlimani hadi Lemera na majeruhi. Hakuna aliyemwona akifika.

Kichwa cha Kaneza cheusi chote! Wanawake wa hapa wanamshika, hawaamini nikiwaeleza kilivyokuwa. Bado siku kumi na mbili. Nazitimiza.

Mchana, amekwisha kumeza, nilikuwa naosha sahani. Kitu kikagonga ndani. Kidogo sana, kama kidole mlangoni. Sahani ikanitoka. Nikamwita Charlotte, akaja mbio, akaweka mkono. Akatabasamu.

"Anacheza."

"Yuko mzima?"

"Anacheza, dada. Mengine tutayajua siku atakapotoka."

Nimekaa kizingitini naandika. Huko barabarani wanapiga kelele — malori, malori ya wanajeshi! Watu wote wamesimama. Mama mukwe ananivuta mkono, Kaneza amekwisha kufunga kitambaa chake. Minye bado nimekaa. Amegonga tena. Na tena —