Wimbo Tuliokunyima Kaburini

Mwalimu Elia,

Ni mimi, Naomi, yule mkaidi wa sauti ya kwanza. Nipo Moroni, kwenye benchi la nyuma la kanisa letu dogo, na wenzangu wameshatoka mazoezini. Tangu uondoke, kwaya wameniachia mimi. Naongoza, lakini kuna wimbo mmoja siugusi. Wakiuomba, nawaambia koo linaniuma. Koo langu ni zima kabisa, Mwalimu. Ni aibu tu.

Unaujua. Ule wa kumshukuru Bwana kwa kutomwacha mtu. Ulipokuwa bado huku, hujahamia Mutsamudu, kisiwa cha pili, na cherehani yako ya ufundi, hukuturuhusu kuimba wimbo wowote mpaka tujue aliyeutunga alikuwa amepatwa na nini. Tulinung'unika sana. Na ule niliuimba mbio, kifua mbele, kama niko kwenye gwaride. Ulikuwa unapiga pasi suruali za watu huku unatufundisha. Ukaiweka pasi chini, ukaniambia, "Naomi, polepole. Huu ni wimbo wa mtu aliyejificha."

Ukatusimulia kama baba yako alivyokusimulia wewe. Mtunzi alikuwa mchungaji wa zamani huko Ulaya. Askari walipokuja kuwakamata waumini wake, yeye alijitosa kwenye pipa la unga, akawa anawasikia wenzake wakichukuliwa. Alitoka mweupe hadi kope. Wimbo ulikuja baadaye. "Aliwaacha wenzake," ulisema, "ndiyo maana anashangaa kwamba Bwana hakumwacha yeye." Mimi nikaangua kicheko kwa sababu ya ule unga. Nisamehe.

Ulipofia hospitalini kule Hombo, hapo hapo Mutsamudu, tulivuka bahari kuja kukuzika, wanakwaya wanne tu. Wanaume wa mtaani kwako, Waislamu watupu, walikubeba pamoja nasi, kisha wakasimama pembeni kwa adabu, wakisubiri tukufanyie ya kwetu. Wa kuanzisha wimbo nilikuwa mimi. Nikavuta pumzi, nikainua macho, nikaliona gari la mamluki barabarani, juu ya makaburi. Unajua tunavyoishi tangu waje kututawala kwa bunduki. Watu wakikusanyika kidogo, tunaogopa, na sisi Wakristo, wageni visiwani, ndio zaidi. Nikawatikisia wenzangu kichwa. Tukakufukia kimya kimya.

Tukiondoka tuliwapita karibu. Wazungu wawili, jasho linawatiririka, wanabadilisha tairi. Hata kututazama hawakututazama. Hakuna aliyenikataza kukuimbia, Mwalimu. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Na bado. Tulirudi nyumbani kwako, tukamkuta jirani yako Bweni Zaliha, Bweni kama wanavyowaita akina mama visiwani huku, yule aliyekulia Unguja. Unajua kwao wanawake hawaendi makaburini. Akaniambia, "Mwanangu, nilikaa dirishani, upande wa makaburi, nisikie mkimwimbia Fundi ule wimbo wake wa kila asubuhi, wa kupigia pasi. Sikusikia kitu."

Nikamjibu kwamba labda upepo uliuchukua. Mwalimu, nilimdanganya mama wa watu, tena msibani kwako. Alinitazama, akanimiminia chai. Nikaiacha ile chai ipoe.

Vijana wa kwaya sasa wanauliza hadithi za nyimbo kama tulivyokuwa tukikuuliza wewe. Nawasimulia zote ila hiyo. Nikifika kwenye pipa, nageuza mazungumzo. Zamani nilikuwa namwona yule mchungaji ni kichekesho.

Basi nimeamua. Jumapili hii nitawasimulia yote, ya pipa na ya kaburini kwako, wanione nilivyo. Kisha nitapanda boti nije Mutsamudu. Nitapita kwanza kwa Bweni Zaliha nimwambie upepo haukuchukua kitu, na nimwombe akae tena dirishani. Magari yawepo, yasiwepo, nitasimama pale ulipolala na kuanza polepole, kama ulivyotaka.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuja kukuimbia, na unga wangu usoni.

Naomi