Unyevu Kwenye Zulia la Bi Tolliver

CHAMA CHA KUMBUKUMBU ZA VIWANJA VYA ZAMANI VYA BESIBOLI, PHILADELPHIA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 2 OKTOBA 1999, KATIKA CHUMBA CHA KULIA CHA BI ERNESTINE TOLLIVER, MTAA WA DESHLER, KUANZIA SAA 6:45 MCHANA

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Walter Grzelak – Mwenyekiti (mwamuzi mstaafu wa ligi ndogo)
2. Bw. Leonard Boyle – Mjumbe (mpima ardhi mstaafu)
3. Bw. Roosevelt Gaskins – Mjumbe (aliuza karanga Uwanja wa Deshler kwa miaka minane, hadi ulipofungwa)
4. Bi Dolores Capozzi – Katibu

MWALIKWA
Bi Ernestine Tolliver – mwenye nyumba. Mjane wa marehemu Clarence Tolliver, aliyekuwa mtunza uwanja wa Deshler

ASIYEHUDHURIA
Bw. Stan Murawski, Makamu Mwenyekiti. Udhuru: harusi ya mpwa wake. Hii ni ya tatu mwaka huu.

KUMB. NA. 1/10/99: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akieleza kwamba kimeitishwa bila ridhaa yake, na kwamba amekuja kwa heshima ya marehemu tu. Katibu alimkumbusha kwamba katiba inaruhusu wajumbe watatu kuitisha kikao. Mwenyekiti alisema katiba hiyo aliiandika yeye. Katibu alijibu kuwa ndiyo maana anashangaa haijui.

KUMB. NA. 2/10/99: MAHALI HALISI PA BAMBA LA NYUMBANI

Bw. Boyle alitandaza mezani ramani ya jiji ya mwaka 1911. Alieleza kwamba bamba la nyumbani, yaani lile bamba jeupe la pembe tano ambalo mpigaji husimama kando yake, halikuwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, ambako Chama kiliweka kibao cha shaba mwaka 1986. Lilikuwa futi mia mbili kaskazini ya hapo, chini ya meza ambayo wajumbe walikuwa wameizunguka, katika nyumba hii iliyojengwa baada ya uwanja kubomolewa.

Mwenyekiti alisema kibao kiliwekwa kwa kufuata kumbukumbu yake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyechezesha mechi ya mwisho ya Deshler, Septemba 1957, na jina lake liko kwenye shaba. Bw. Gaskins aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Walter, kama bamba lingekuwa pale kwenye petroli yako, kila mpira uliopigwa juu ungetua kwenye madirisha ya kanisa la Wajerumani. Miaka minane nimeuza karanga pale, sikuona kioo hata kimoja kikivunjika. Jina lako liko kwenye shaba, sawa, lakini liko kwenye shaba ya uongo!"

Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Bw. Gaskins hakufuta.

Bw. Boyle alipendekeza sakafu ifunuliwe ili bamba litafutwe. Mwenye nyumba alisema hakuwaitia hilo.

KUMB. NA. 3/10/99: MAELEZO YA MWENYE NYUMBA

Bi Tolliver alieleza kwamba mumewe alifariki mwezi Aprili. Tangu juma lililofuata mazishi, kila siku ifikapo saa 7:30 mchana, saa ambayo mechi za Deshler zilikuwa zinaanza, zulia la chumba hiki huloa sehemu moja, nayo harufu ya udongo uliomwagiwa maji hujaa nyumba nzima. Fundi bomba alikuja mara mbili na hakuona mahali panapovuja.

Alisema haogopi. "Nimelala na huyo mtu miaka arobaini na sita, nimwogope leo?" Kinachomuumiza ni kwamba Clarence bado anafanya kazi, maana kumwagilia udongo kabla ya mechi ilikuwa kazi yake. Alipokuwa hai alikataa kusafiri hata kwenda Georgia kumzika dada wa Bi Tolliver, kwa sababu mchana lazima awepo hapa. Mkewe alidhani ni ukaidi wa uzee. Lakini siku ya mwisho hospitalini, Clarence alimshika mkono akamuuliza: "Ernestine, mwamuzi amesemaje?" Hakusema neno lingine tena.

Kwa hiyo ombi lake kwa kikao lilikuwa moja tu: aliyechezesha mechi ya mwisho aeleze alimwambia nini mume wake, ili mume wake apumzike.

Mwenyekiti alisema kikao cha Chama si mahali pa mambo ya mizimu, akaagiza maelezo haya yasiandikwe. Bw. Boyle, Bw. Gaskins na Katibu walipiga kura yaandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 4/10/99: TUKIO LA SAA 7:30

Katibu anaandika hapa alichokiona na kukisikia, basi. Saa 7:30 kamili ilisikika sauti ya reki ya chuma ikikwaruza changarawe chini ya sakafu, polepole, kwa mpigo wa mtu asiye na haraka. Harufu ya udongo mbichi ikaja. Wajumbe walisogeza meza. Zulia lilianza kuwa jeusi kwa maji, na doa lilipotulia lilikuwa na pembe tano. Bw. Boyle alipiga magoti akalipima. Upana wake ulikuwa inchi kumi na saba, ambao ndio upana wa bamba la nyumbani.

Kisha mistari miwili myeupe, myembamba, ilijichora kutoka kwenye doa, mmoja kuelekea jikoni na mwingine kuelekea ngazi. Bw. Gaskins aliugusa mmoja kwa kidole akasema ni chokaa, ile ya kuchorea mipaka ya uwanja. Akavua kofia. Katibu aliandika akiwa amesimama, ndiyo maana mwandiko wa ukurasa huu ni mbaya.

Bi Tolliver alisema, "Habari za mchana, Clarence." Reki ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

KUMB. NA. 5/10/99: MAELEZO YA MWENYEKITI

Mwenyekiti aliomba maji. Baada ya kunywa alieleza kwamba mvua ilinyesha wakati mechi ya mwisho ikiendelea, naye akasimamisha mchezo. Kanuni inamtaka mwamuzi asubiri nusu saa, kisha aamue kama mchezo unaendelea au unafungwa. Clarence alitandika turubai juu ya bamba, akasimama kando yake kwenye mvua, akauliza afanye nini. Mwenyekiti alimjibu: "Subiri hapo mpaka nikuambie."

Watazamaji wakaingia uwanjani kung'oa viti ili wavichukue kama kumbukumbu. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na miaka ishirini na saba na hajawahi kuona umati wa namna ile, alitoka kwa mlango wa nyuma akapanda treni. Katika ripoti yake kwa ligi aliandika kwamba aliifunga mechi mwenyewe, uwanjani, kwa sauti. Haikuwa kweli. Hakumwambia Clarence lolote.

Aliongeza kwamba kila walipokutana dukani, Clarence alikuwa akimuuliza, "Imekwisha, mwamuzi?" Yeye alidhani anakejeliwa, akawa anacheka na kupita. Kibao alikiweka kwenye kituo cha mafuta kwa makusudi, kwa kuwa hakutaka kusimama tena mahali hapa.

Bi Tolliver alisema: "Miaka arobaini na miwili, Walter! Neno moja tu!"

Mwenyekiti alikubali kwamba ni hivyo. Alilia. Katibu amemlaumu mtu huyu katika kumbukumbu nyingi, lakini siku hii alimhurumia.

KUMB. NA. 6/10/99: KUFUNGWA KWA MECHI

Bw. Gaskins alipendekeza, na Bw. Boyle akaunga mkono, kwamba Mwenyekiti aifunge mechi. Mwenyekiti alisema ligi hiyo haipo tena, hivyo hana mamlaka. Bi Tolliver alimwambia: "Yeye hajui hilo. Kwake wewe bado ni mwamuzi. Simama."

Mwenyekiti alisimama nyuma ya doa, akainua mikono yote miwili, akasema kwa sauti kubwa: "Mechi imefungwa kwa mvua. Clarence, nisamehe nimechelewa. Unaweza kwenda."

Reki ilinyamaza. Ilisikika kama inaegemezwa ukutani. Nyayo zilipita chini ya sakafu kuelekea jikoni, upande ambao ramani ya Bw. Boyle inaonyesha kibanda cha vifaa, kisha hazikusikika tena. Chokaa ilifutika. Zulia lilikauka wajumbe wakilitazama, na Bw. Boyle alipoweka kiganja hapo alisema ni kavu kabisa.

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba sakafu isiguswe, na kibao cha shaba kiondolewe kwenye kituo cha mafuta.

KUMB. NA. 7/10/99: MENGINEYO

Bi Tolliver aliwashukuru wajumbe, hasa Mwenyekiti. Alilitazama zulia. Kisha akauliza: "Sasa kesho saa saba na nusu nitamngoja nani?"

Wajumbe waliondoka saa 8:20 mchana, isipokuwa Bw. Gaskins, aliyebaki kumsaidia kurudisha meza.

Mwenyekiti ameyasoma haya yote na kuyathibitisha bila kufuta neno.

W. Grzelak ……………………… Mwenyekiti

D. Capozzi ……………………… Katibu