Wimbo wa Mama Vumilia

Masisi, Jumatano

Miaka miwili nimeandika kwenye tasnifu yangu kwamba wimbo ule niliorekodi ni wa kupanda maharagwe! Leo kwenye kongamano la historia, nilipouweka kwenye simu wausikie, Mama Vumilia, mkulima wa Buleusa aliyekimbilia kambi ya Lushebere, akasimama.

“Mutoto yangu, hapana. Mama ya mama yangu alianza kuimba ile siku wazungu walimuchukua bwana yake kwa nguvu, aende kuchimba barabara. Hiyo njo wimbo ya kumungojea.”

Akauimba wote, hata beti nisizokuwa nazo. Maprofesa waliacha kuandika.

Sura yangu nzima ya tasnifu imeanguka. Nilidhani nitaona aibu, kumbe nashukuru.

Mama Vumilia amekimbia vita mara tatu bila kubeba hata sufuria. Wimbo ameufikisha mzima.