Mama, Suleiman Alikupeleka na Leseni Imefungiwa

Mama yangu,

Barua kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi, nakuombea tu. Yangu ni hii: naogopa. Kesho asubuhi kaka Suleiman anasimama mahakamani kwa sababu aliendesha gari kwenda kukuzika, na sijui kama atarudi nyumbani.

Najua ungeniambia, "Hebu kaa chini, anza mwanzo." Basi naanza mwanzo.

Unakumbuka siku mahakama ilipomfungia leseni, baada ya kumgonga yule muuza ndizi wa Mtoni akamvunja mguu? Nilikupigia simu nikiwa bado huko, nawe ukasikia unavyosikia wewe. Tuliporudi nilikuta majirani wamejaa ukumbini, Bi Rukia analia kwa sauti, birika kubwa la chai limeshatolewa kama penye msiba. "Wamemfunga mwanangu," uliniambia. Nikasema, "Hawakumfunga, Mama. Wamemfungia. Kilichofungiwa ni leseni, mwenyewe yuko mlangoni anavua viatu." Suleiman akaingia, wanawake wakanyamaza kwa haya, nawe ukamtazama juu mpaka chini: "Na chai yote hii nani ataimaliza?" Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi nikilikumbuka lile kosa lako la neno moja, sicheki.

Toka siku ile ufunguo wa pikapu ukahamia kwenye pindo la kanga yako, umefungwa fundo juu ya fundo. Suleiman na ndevu zake akawa anakubembeleza. "Mama, nafika Darajani tu." "Darajani hakuna polisi?" Kisha unanigeukia mimi: "Salma ana leseni, Salma atakupeleka." Ikawa ndiyo kazi yangu, kumpeleka Kidichi kupakia mdalasini na karafuu, yeye kakaa kando ananuna kama bibi harusi.

Nawe ndiye uliyetaka nijifunze, wakati wengine wanasema msichana gari ya nini. Ulikuwa ukikaa kando yangu njia ya Bububu, umeshika mlango, unasoma dua kwa sauti kila nikikata kona. Siku moja na mimi nikaanza kusoma. Ukanikatiza. "Dua nasoma mimi. Wewe tia macho barabarani."

Kisha ukaondoka, asubuhi, ghafla, chai yako haijapoa. Wakati wa kukuosha Bi Rukia alilifungua lile fundo la kanga, akanitia ufunguo mkononi. Niliuweka dirishani bila hata kuutazama. Mjomba Haji alikuwa keshapiga simu kutoka Mkokotoni: kaburi linachimbwa karibu na wazee wako, msichelewe. Suleiman akaja akauchukua ufunguo. "Mama nampeleka mwenyewe," alisema, na nyumba nzima hakuna aliyefungua mdomo. Hatukusahau kuwa amefungiwa. Tulijua wote. Lakini nani atalisimamisha jeneza?

Na kweli hawakulisimamisha. Waliokuwemo garini wanasimulia kuwa pale Mtoni askari alizuia magari mengine ili upite wewe, akavua kofia. Ndiyo heshima ya kwetu, na ulistahiki.

Wakati wa kurudi, nyuma ya pikapu hapakuwa na jeneza, walikuwapo jamaa waliochoka, miguu imejaa mchanga. Askari alikuwa yule yule.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Leseni, shekhe."

"Nimefungiwa," Suleiman akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Ndiyo mwanao huyo. Uongo ulimshinda tangu mdogo.

Sasa yuko nje kwa dhamana, na wakili ametueleza mambo ambayo bora nisingeyasikia. Kuendesha huku leseni imefungiwa ni kosa jipya, linajitegemea. Hakimu anaweza kumtoza faini, anaweza kumfunga, anaweza kumpa vyote viwili, na ule muda wa kufungiwa ukarefushwa. Kibaya zaidi, amevunja amri ya mahakama, na hakimu ni yule yule aliyeitoa. Wakili akasema tena kuwa lau pikapu lingepata ajali siku ile, bima ingetukimbia. Nikawafikiria wale jamaa nyuma, miguu inaning'inia.

"Tuna njia moja," alisema wakili. "Mazishi hayangoji. Tukionesha kuwa hapakuwa na mwengine wa kuendesha, hakimu huenda akalegea. Nani mle nyumbani alikuwa na leseni?"

Suleiman alitazama sakafu.

"Mimi," nikasema.

Wakili alifungua mdomo aniulize kwa nini basi, kisha akajijibu mwenyewe, maana na yeye ni mtu wa hapa. "Wanawake hamwendi makaburini."

Hatuendi, Mama. Ila ningeweza kukufikisha mpaka ukingoni mwa makaburi, nikabaki garini, vioo nimepandisha, wanaume wakakuteremsha. Nani angedhurika? Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyelifikiria, na mimi ni wa kwanza. Nilikaa kwenye mkeka na wenzangu nikisoma Yasini, leseni yangu imo mkobani, ubavuni mwangu.

"Basi mahakamani usipoulizwa, usiseme," wakili akanionya.

"Na akiulizwa aseme," Suleiman akamjibu. Akanigeukia. "Mazishi ya mama tusiyatie uongo, Salma."

Tangu hapo nalisubiri swali hilo. Nikipika nalisikia, nikisali nalisikia. Nina khofu ambayo sijapata kuwa nayo, hata siku ya kukuzika, maana siku ile kilichotokea kilikuwa kimeshatokea. Hili la kesho limo mdomoni mwangu. Nikilisema namfunga ndugu yangu. Nikilificha nimekukosea wewe, na yeye hatanisamehe.

Nitasema. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nimesema kwa wepesi.

Leo alasiri nilikuwa nafuta kioo cha gari kwa ajili ya safari. Suleiman akatoka na kanzu yake aliyoipiga pasi mwenyewe, akasimama akinitazama. Nilidhani atanitania kama kawaida yake. Akasema, "Kesho ukirudi peke yako, usikimbize gari."

Niliendelea kufuta.

Mola akulaze pema, Mama. Na leo niombee wewe.

Mwanao wa mwisho,
Salma