Mama Mkwe Analinda Mlango, Mimi Najipima Matiti

Jumamosi. Kijiji chetu cha Nambis kizima kimefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Juzi tu nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Yote yalianza Jumapili baada ya ibada. Nesi alikuja na titi la sponji, ndani kaficha punje ya harage, akatuambia akina mama tupapase taratibu kwa vidole mpaka tuipate. Mama Tluway, mama mkwe wangu, aliguna kwa sauti.

“Nimenyonyesha watoto saba. Leo niyapapase ya nini?”

Ila sponji lilipomfikia, aliliminya kama anachagua parachichi sokoni.

Jumatano nikiwa nasahihisha madaftari, nikasikia ananiita chumbani kwake. “Mwalimu! Njoo. Na mimi ninalo harage.”

Nilidhani anatania. Akanishika mkono, akauweka karibu na kwapa la kushoto. Lilikuwepo. Gumu, duara.



Mezani akamwambia mwanawe waziwazi, “Tluway, titi langu lina uvimbe.” Mume wangu akautazama ugali kana kwamba umemtukana, kisha akatoka kwenda kumwangalia ng’ombe anayeumwa. Hatuna ng’ombe anayeumwa. Nilimkuta zizini, kaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa ng’ombe mzima kabisa.

Jana tulikwenda hospitali, Mbulu mjini. Daktari alikuwa kijana mdogo, mwenye adabu. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeniamkia vizuri, mwanangu. Sasa ndiyo uniambie nivue blauzi?”

Daktari akaangalia dari. Akamwita nesi wa kike, vipimo vikaendelea. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, nikisali sala zilizochanganyika na jedwali la kuzidisha.

Walimpiga picha ya ultrasaundi, wakamchoma sindano, yakatoka maji. Uvimbe wa maji, siyo saratani. Daktari akasema tumefanya vizuri kutokusubiri, na akatupangia siku ya kurudi aangaliwe tena. Mama akamuuliza kama mama yake mzazi amejipima. Hakujua. “Mpigie simu,” akasema, na hakuinuka mpaka kijana wa watu alipopiga.

Leo ilikuwa zamu yangu.

“Na wewe je?” aliniuliza baada ya chai. Nikaanza kuzungumzia nguo za kufua. Akanisukuma chumbani, akafunga mlango, akaketi nje kwenye kigoda akitoa amri.

“Zungusha vidole! Usikimbie! Na kwapani!”

Hapo ndipo katekista alipoingia uani, amekuja kumwombea mgonjwa. Nikamsikia anabisha hodi, nikamsikia mama akijibu, “Karibu, subiri kidogo, mwalimu anapima matiti.” Kisha sikumsikia tena katekista.

Nilitafuta upande wa kulia, nikatafuta wa kushoto, nikarudia karibu na kwapa, pale nilipokuwa naogopa.

“Mbona kimya?” Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Hakuna kitu, mama.”

Nikafungua mlango. Mama Tluway, aliyemtoa jasho daktari, alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Nikaketi chini karibu naye; alikuwa analia, kisha akanitajia katekista alivyokimbia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nguo zitafuliwa kesho, ukungu ukiturehemu.