Watoto Wawili wa Lodi

Baba yangu mpenzi,

Hitima yako ya mwaka tumeisoma Jumapili, hapa hapa Saltley, huku kwa Waingereza, sebuleni kwako. Wanaume walikaa mbele, sie wanawake jikoni na masufuria yetu ya pilau. Nilidhani nimeshajikaza. Kumbe bado. Jirani yetu Bi Zuhura akachungulia mlangoni akaniambia, "Maalim anataka majina ya wazee wa marehemu na ndugu zake waliotangulia, awaombee pamoja."

Babu nilimtaja, maana amekaa kwenye jina lako. Halafu nikakwama.

"Na mama yake je?" Bi Zuhura akauliza.

Wallahi baba, jina la kwanza lililonijia mdomoni ni la mke wa lodi.

Nicheke au nilie? Mama alikutangulia, na hata yeye mlionana huku huku, Unguja kwenu hakuijua. Sina wa kumuuliza. Nilipomweleza mwanangu Salim, alinijibu kwa Kiingereza chake, eti nitafute kwenye simu. Simu itamjua bibi yangu?

Lodi lakini namjua, yule bwana mkubwa wa Kizungu wa zamani! Umri wako wa kazi uliumaliza kitini katika lile jumba lake lililogeuzwa makumbusho upande wa Edgbaston, ukiwaangalia watu wasiguse picha. Ukirudi jioni, koti hujalivua, habari za lodi zimeanza. Alivyoingia bungeni kijana hana hata ndevu. Alivyopewa uwaziri enzi za yule Malkia wa zamani, kisha akaupoteza kwa kukipinga chama chake mwenyewe, akahutubia mpaka sauti ikamkauka na wenzake wanamzomea. "Mkaidi yule!" ulikuwa ukisema, meno yote nje, utadhani unamsifia mjomba wako. Mama anakwambia, "Huyo lodi wako atatuletea mkate?"

Mimi nilipenda habari za watoto. Katika ile picha kubwa ya familia yake, iliyotundikwa pale jumbani, wamejaa tele, na wewe ulimjua kila mmoja. Zaidi Herbati na Lusi. Herbati hashikiki, kutwa yuko juu ya paa anarusha tiara ya karatasi. Lusi akisukwa nywele, mtaa mzima unajua. Wakashikwa na homa, wakafa wiki moja wote wawili, na Bibi Lodi akawa kila siku anawapakulia chakula chao, hataki sahani ziondoshwe. Ukifika hapo unafuta macho kwa kofia. Nikikuchokoza, "Baba, unamlilia Mzungu?" unanijibu, "Mtoto ni mtoto, we." Lakini nikikuuliza habari za kwenu, basi: "Yaache hayo, mwanangu. Kunywa chai."

Baada ya hitima nyumba ilikuwa kimya mno. Salim kaenda zake kwake, masufuria nimeshayaosha, sauti iliyobaki ni ya friji tu. Sikuweza kukaa. Jumanne nikapanda basi nikaenda kwa lodi, maana ndiye jamaa yako pekee ninayemjua.

Usicheke. Msichana anayetembeza wageni alikuwa mbele ya ile picha, mtoto mpole. Nikamwuliza Herbati ni yupi hapo, na Lusi ni yupi. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Hao hawapo," akasema.

"Wale waliokufa kwa homa."

"Watoto wote wa lodi walizeeka, mama. Hakuna aliyekufa mdogo."

Loh! Nilitaka kumgombeza. Mtoto wa juzi anifundishe mimi lodi wangu! Nikaikazia macho picha ili nimwonyeshe. Mabinti wa lodi nywele zao zimeachiwa mabegani, hakuna aliyesukwa. Pembeni pana picha ya jumba lenyewe lilivyokuwa zamani, liko peke yake katikati ya bustani, paa limeinama vile, vigae vitupu. Paka angeteleza, sembuse mtoto na tiara yake. Na huo mtaa uliokuwa unamsikia Lusi akilia, ulikuwa wapi?

Hayo yote ni ya Unguja kwenu, si ya huku. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi nikalia mbele za watu, sikuona haya. Walikuwa ndugu zako. Ami yangu na shangazi yangu. Na yule mama wa sahani ni bibi yangu. Miaka yote ulikuwa unaniletea mezani watu wako, umewavisha majina ya Kizungu, kwa kuwa ya kwao yalikushinda kuyatamka.

Nimekukasirikia, baba. Nimekukasirikia na ninakutamani, sijui kipi kimezidi. Ungeniambia mara moja tu, ningekushika mkono tukalia sote wawili. Badala yake ulilia peke yako mbele ya picha ya watu wengine, na mimi sasa nalia peke yangu jikoni kwako.

Jana nilimwendea Maalim nikamweleza yote. Akaniambia niwaombee tu, Mwenyezi Mungu anawajua kwa majina yao. Basi leo asubuhi nimewasomea Yasini. Nimemwita Herbati, nimemwita Lusi, na bibi nimemwita Bibi Lodi, ndiyo majina niliyonayo. Lakini siku nikifika huko, baba, uje unipokee wewe mwenyewe. Nikiwakuta peke yangu sitajua niwaite nani.

Mwanao,
kifungua mimba wako na kitinda mimba wako